Shahada ya biolojia Uingereza yenye mwaka wa msingi: C ya kemia itamfikisha?

MamaKondele (Kisumu):

Hamjambo wanajukwaa. Binti yetu amepata B ya jumla katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne: Biolojia A-, Kiingereza B+, Hisabati C+, Kemia C. Vyuo viwili vya Uingereza vimemkubali kusoma biolojia kuanzia Septemba, ila hakuna kinachomruhusu kuingia mwaka wa kwanza. Kimoja kinampa shahada ya miaka minne, wa kwanza ukiitwa wa msingi. Cha pili kinamtaka asome msingi kwenye koleji iliyo ndani ya uwanja wa chuo, akifaulu ndipo aanze shahada ya miaka mitatu. Karo ya koleji ni nafuu kidogo.

Baba yake anasema huku ni kurudia kidato cha nne kwa bei ya pauni, na sikuwa na la kumjibu. Wanaojua naomba mnisaidie: hizo njia mbili zinatofautiana wapi zaidi ya karo, ni nini hasa kinachofundishwa mwaka huo, na hii miezi iliyobaki aitumie vipi? Vitabu vya kidato cha tatu na cha nne bado viko kabatini. Maabara hatuna, labda jikoni.

KaraniVyeti (Nakuru):

Mama, mjibu mzee hivi. Uingereza, ukiacha Scotland, shahada ya biolojia ni miaka mitatu kwa kuwa kijana wao huingia chuoni akiwa ameshamaliza miaka miwili ya A-level, masomo matatu tu lakini kwa kina. Sisi kidato cha tano na cha sita tulivizika na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na sehemu ya mzigo ule ikahamia chuo kikuu. Ndiyo sababu shahada ya biolojia pale Maseno ni miaka minne. Kwa hiyo ni minne kwa minne, hakuna mwaka uliorudiwa. Mtoto wa Busia ya Uganda mwenye cheti cha kidato cha sita anaweza kuomba mwaka wa kwanza moja kwa moja. Wa Busia yetu mwenye B ataelekezwa kwenye msingi na vyuo vingi, ilhali wote wawili wananunua omena soko moja.

Karo isikudanganye. Msingi ulio ndani ya shahada una namba moja ya CAS, ile ya kuombea viza, na viza moja ya miaka yote minne. Msingi wa koleji kwa kawaida una CAS yake na viza yake. Ukiisha, mtoto anaomba upya, analipa ada upya, anaonyesha pesa benki upya. Tena kwa kozi iliyo chini ya kiwango cha shahada, B+ ya Kiingereza ya KCSE haitoshi kwa viza: lazima afanye mtihani ulioidhinishwa na serikali yao, kama ule wa IELTS for UKVI. Kwa kozi ya kiwango cha shahada, chuo chenyewe kinaruhusiwa kuamua kama alama yake inatosha. Saa za kazi wakati wa muhula nazo ni 20 kwa wiki kwa mwanafunzi wa shahada, 10 kwa aliye chini yake. Ukijumlisha hayo, nafuu ya koleji mara nyingi inayeyuka kabla ya mwaka wa pili.

Kuna mtego wa jina pia. Kozi iitwayo "BSc Biology with Foundation Year" ndiyo unayoitaka. "Foundation degree", au FdSc, ni kitu kingine kabisa: kozi ya miaka miwili inayoishia kwenye cheti kilicho chini ya shahada. Wakala wa mjini asiyejua tofauti atakuambia ni mamoja.

Pesa sasa. Ada ya afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa yote siku ya kuomba viza. Viza hupita urefu wa kozi kwa sababu huongezwa miezi minne baada ya masomo, na kipande kisichozidi miezi sita hutozwa nusu. 776 mara 4 ni 3,104, ongeza 388, unapata pauni 3,492. Watu hujipanga na karo wakaisahau hii. Ya kujikimu, tangu Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, kwa miezi tisa, yaani 10,539 (ndani ya London ni 1,529 kwa mwezi). Hiyo ni juu ya salio la karo ya mwaka wa kwanza. Yote ikae benki siku 28 mfululizo. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya, kwa hivyo harambee ifanywe mapema, si wiki ya mwisho. Weka ziada kidogo, maana shilingi hugeuzwa pauni kwa kiwango cha siku ya maombi, si cha siku ulipoweka. Akaunti ikiwa ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anayetoka Kenya kwa zaidi ya miezi sita, na hufanyiwa kwenye kliniki iliyoidhinishwa jijini Nairobi. X-ray ya hospitali nyingine haikubaliwi hata iwe safi vipi. Majina kwenye cheti cha KCSE, cheti cha kuzaliwa na pasipoti yalinganishwe leo, herufi kwa herufi. Kama yanapishana, anza kurekebisha sasa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayokula miezi.

MoliNaLogi (Kakamega):

Aliyetangulia amemaliza habari za makaratasi. Mimi niseme ya darasani.

Mwaka wa msingi huwa na krediti 120 kama mwaka mwingine wowote wa shahada, zimegawanywa kwenye biolojia, kemia, hisabati na takwimu, na somo la uandishi wa kitaaluma. Kwa kawaida alama zake haziingii kwenye daraja la mwisho la shahada. Lakini soma masharti ya kuvuka: kufaulu somo ni 40 kwa mia, ila kozi nyingi hudai zaidi ya hapo ili uruhusiwe kuendelea, na zipo zinazotaka kiwango hicho kwenye kemia peke yake.

Biolojia haitamsumbua mwenye A-. Nusu yake ameshaiona: seli, vimeng'enya, urithi, usanisinuru, ikolojia. Kipya ni kina cha molekuli. Jinsi DNA inavyonakiliwa kuwa RNA na RNA kusomwa kuwa protini, hatua zote za upumuaji wa seli, PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), na kutenganisha vipande vya DNA kwenye jeli kwa umeme. Hayo kidato cha nne kiliyapita juu juu.

Panapoangusha ni kemia, na si kemia yote, ni moli, kile kizio cha kupimia kiasi cha kemikali. Kitabu cha kidato cha tatu kitoke kabatini leo. Mfano wa kawaida kabisa: tengeneza mililita 250 za glukosi yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Moli moja ya glukosi ni gramu 180. Zidisha 0.1 kwa 0.25 kwa 180, upate gramu 4.5. Hapo wengi wanafika. Kosa linakuja kwenye meza: mwanafunzi anapima gramu 4.5, kisha anamimina maji mililita 250 juu yake. Sukari nayo ina nafasi yake, kwa hiyo myeyusho unazidi 250 na ukolezi unashuka. Utaratibu ni kuyeyusha kwenye maji machache, kama 150, kumimina yote kwenye chupa ya kipimo, kusuuza bika mara mbili na maji ya kusuuzia yaingie humo humo, halafu kujaza hadi mstari wa 250. Sehemu ya chini ya mbinuko wa maji iguse mstari, na jicho liwe usawa nao, si kutazama ukiwa umesimama.

Ndugu yake moli ni kuzimua. Kipimo kimoja katika kumi ni mililita 1 ya myeyusho na 9 za maji. Ukiweka 1 na 10 umetengeneza moja katika kumi na moja. Ukirudia kosa hilo mara nne mfululizo, jibu la mwisho linakosea kwa karibu theluthi. Haya si mambo madogo ukihesabu bakteria. Tuseme amezimua maji ya ziwa mara nne, moja katika kumi kila mara, akamwaga mililita 0.1 ya neli ya nne kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kesho yake zikaota koloni 42, yaani vidoa vya bakteria. Bakteria kwa mililita ni 42 gawanya kwa 0.1, kisha zidisha kwa 10,000: jumla 4,200,000. Wanaosahau ile 0.1 huandika 420,000, na mkaguzi haoni kingine kwenye ripoti yao ila hilo. Sahani yenye koloni chini ya 30 au zaidi ya 300 haihesabiwi. Chache mno zinatawaliwa na bahati, nyingi mno zinapandana.

Logi azifufue kwa ajili ya pH, kipimo cha asidi na magadi. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Ziwa Nakuru lina magadi na pH yake huzunguka 10, hivyo ioni za hidrojeni humo ni pungufu mara 1,000 kuliko kwenye maji ya pH 7, si pungufu mara tatu. Akielewa hapo, ataelewa pia kwa nini vimeng'enya vya samaki wa Ziwa Victoria haviwezi tu kuhamishiwa kule vikafanya kazi.

Takwimu ndiyo geni kuliko zote. Aanze na wastani, mchepuko wastani, halafu jaribio la kai-skwea, la kupima kama hesabu yako inapishana mno na tarajio. Zoezi: mahindi ya zambarau na manjano yanayotarajiwa kutoka 3 kwa 1. Punje 80, kwa hiyo tarajio ni 60 na 20. Umehesabu 66 na 14. Tofauti ni 6 kila upande, kipeo chake cha pili ni 36. 36 gawanya kwa 60 ni 0.6, na 36 gawanya kwa 20 ni 1.8, jumla 2.4. Kwa makundi mawili, mpaka wa kuukataa uwiano ni 3.84, nayo 2.4 haijaufikia. Basi hukuthibitisha kwamba uwiano ni 3 kwa 1. Umesema tu kwamba hesabu yako haijapingana nao. Sentensi hiyo ya mwisho ina alama zake kwenye mtihani, na ndiyo inayoandikwa vibaya zaidi.

MamaKondele:

Asanteni sana. Mzee amesoma habari ya Busia akacheka, kisha akauliza ada ya afya ni ya nini kama mtoto hajaugua. Kemia ameanza. Je, maabara? Shuleni walifanya vipimo vya chakula, ayodini na Benedict, basi.

BenchiLaMaabara (Maseno):

Mwambie mzee anaitoa augue asiugue, kama bima yetu ya afya ya SHA tu.

Kuhusu maabara, hivyo vipimo vya chakula vitamfaa, lakini siku ya kwanza atashikishwa maikropipeti, na hiyo hakuna shule nyingi za hapa zilizo nayo. Ni kalamu nene yenye kitufe juu na ncha ya plastiki inayotupwa. Kitufe kina vituo viwili. Unabonyeza hadi kituo cha kwanza ukiwa bado hewani, unachovya ncha milimita mbili au tatu tu, unaachia polepole. Ukitoa, unabonyeza kituo cha kwanza, unangoja kidogo, kisha cha pili kusukuma tone la mwisho. Kosa la kila mgeni ni kubonyeza hadi cha pili wakati wa kuvuta: kipimo kinazidi, na hakuna kinachoonekana kwa macho. La pili ni kuachia kitufe kwa ghafla, maji yanaruka hadi ndani ya mtambo. La tatu ni kuulaza ukiwa na maji kwenye ncha.

Huwezi kuifanyia mazoezi nyumbani, ila mkono na akili vinaweza kuzoezwa kwa sirinji ya mililita 1 bila sindano, kutoka duka la dawa. Panga vikombe vitano. Cha kwanza kiwe na rangi ya chakula, kila kinachofuata mililita 9 za maji. Hamisha 1, koroga vizuri, suuza sirinji, endelea. Asipokoroga au asiposuuza, rangi haitapungua kwa hatua sawa, na ataliona kosa lake mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Hilo linafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Hadubini: KCSE iliwauliza ukuzaji, yaani lenzi ya jicho mara lenzi ya kitu. Kule wanapima ukubwa halisi. Kwenye lenzi ya jicho kuna rula ndogo isiyo na vizio, kwa hiyo lazima ilinganishwe na kioo maalum chenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kipande maikromita 10. Ukikuza mara 400, ukaona vipande 100 vya jicho vinalingana na 25 vya kioo, basi 100 ni maikromita 250, na kimoja ni 2.5. Seli ya ngozi ya kitunguu yenye urefu wa vipande 120 ni maikromita 300. Ukibadilisha lenzi, ulinganisho wa awali umekufa, unafanya upya. Wengi hufanya mara moja asubuhi wakautumia siku nzima.

Ikolojia anaweza kuifanya uani. Kamba ya mita mbili na vijiti vinne, mraba wa sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita mraba. Ahesabu kishona nguo ndani yake mara kumi, apate wastani, azidishe kwa 4. Sharti moja: asirushe mraba. Anayerusha huulenga palipo na majani bila kujijua. Agawanye uwanja kwa hatua, achague namba kwa kubahatisha kwenye kikokotoo, aende hapo hata kama ni udongo mtupu. Sifuri nayo ni takwimu.

Halafu aiandike kama ripoti. Mbinu ziandikwe kwa wakati uliopita, kichwa cha jedwali juu yake, maelezo ya grafu chini yake, na mistari ya makosa kwenye grafu (error bars) isemwe ni ya nini. Jina la kisayansi kwa italiki: Lates niloticus mara ya kwanza, baadaye L. niloticus. Mbuta ni mbuta kwetu, lakini kule haumo kwenye kitabu chao kwa jina hilo.

NjiaYaNjoro (Nakuru):

Nipinge kidogo. Kwa nini hakuna aliyesema asome mwaka mmoja hapa kwanza? Kwa B ya jumla, KUCCPS, wanaopangia wanafunzi vyuo, inaweza kumpa sayansi ya biolojia Maseno, Masinde Muliro au Egerton. Akimaliza mwaka wa kwanza na alama nzuri, vyuo vingi vya Uingereza humpokea mwaka wa kwanza wa miaka mitatu, bila msingi. Miaka ni ileile minne, lakini mmoja kati ya hiyo ni kwa shilingi, na ada ya afya inapungua. Na akighairi, ameshakuwa na mwaka mmoja wa shahada nyumbani.

KaraniVyeti:

Ni kweli, na kwa familia nyingi ningeshauri hivyo. Mawili tu. Kwanza, si kila chuo kinakubali, hivyo aandikie barua pepe hivi vyuo viwili leo aulize, wamtajie alama ya chini wanayotaka, na jibu alihifadhi. Pili, transkripti, ile karatasi ya alama za chuo. Mwaka wa masomo ukichelewa kwa mgomo au matokeo yakikwama idarani, Septemba inampita akiwa hana karatasi. Akiifuata njia hiyo, aombe chuo cha Uingereza kilichomkubali kimwekee nafasi yake hadi mwaka ujao badala ya kuikataa. Vyuo huruhusu hilo mara nyingi ukiomba kabla ya kulipa amana. Matokeo ya KCSE yenyewe yathibitishwe kupitia QMIS, mfumo wa mtandaoni wa KNEC, baraza la mitihani, maana nakala ya karatasi ya shule haitoshi kwa kila chuo.

MamaKondele:

Tutaandika hizo barua pepe leo jioni. Binti ameuliza swali moja kwa BenchiLaMaabara: ameona picha ya maikropipeti ina tarakimu tatu dirishani, 1-2-5, bila nukta. Hiyo ni ngapi?

BenchiLaMaabara:

Inategemea imeandikwa nini juu ya kitufe. Kwenye P200 ni maikrolita 125. Kwenye P20 ni 12.5, na tarakimu ya mwisho huwa na rangi tofauti, mara nyingi nyekundu, kuonyesha kwamba ni ya desimali. P1000 husomwa kwa makumi: 0-7-5 ni 750, na 1-0-0 ni 1,000. Huko 1-2-5 haifai kuwepo kabisa, ni 1,250, juu ya uwezo wake. Akikuta mtu ameizungusha hadi hapo asiitumie, airudishe kwa fundi wa maabara ikalinganishwe upya, kwa sababu inaweza kuwa imeshapoteza kipimo.